Siku Saba za Banda la Majid

Sehemu ya tisa

Hakujibu. Aliomba maji ya kunywa.

Najua, najua. Wiki nzima mmenitumia ujumbe mkitaka kujua Bi Rehani alisema nini, na kuna msomaji mmoja wa Nangurukuru ameapa kuacha kununua gazeti nisipomwambia leo. Ndugu yangu, hasira hasara. Mtu akiulizwa swali zito hupewa nafasi ya kumeza mate, na Bi Rehani mate yalikuwa yamemkauka.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema haraka. Akademia ya Filamu haitoi tuzo kwa kupendana. Filamu ikitaka kushindana, sharti kwanza ioneshwe hadharani siku saba mfululizo, watu waingie kwa tiketi, na msimamizi wa kanda awepo, ashuhudie, asaini. Hapo ndipo wanachama huipigia kura, mara ya kwanza kuchuja, mara ya pili kumpata mshindi. Msimamizi wa kanda ya kusini ni huyu Bi Rehani, mwaka wake wa kumi na tisa sasa, ofisi yake chumba kimoja hapa Kilwa Masoko, meza mbili na feni inayolia.

Mwaka huu filamu mbili za kusini zimeingia tano bora, jambo ambalo halijawahi kutokea. Moja ni Ghala Namba Tatu ya Mwalimu Mudathiri wa Miteja. Ya pili ni Mgeni wa Nyangao ya Stephano, mtu wa Lindi mjini. Kura ya mwisho ilikuwa inafungwa Jumanne saa kumi jioni. Jumapili, Stephano akaweka pingamizi: Ghala Namba Tatu haikuoneshwa siku saba, maana siku ya tano, Jumatano, banda la sinema la Majid lilikuwa na kufuli.

Ndipo Mama Valeria, mwenyekiti wa kamati ya rufaa, mama wa Kimakonde asiyecheka ovyo, akapanda basi kutoka Dar, akafika Jumanne yenyewe, akavaa miwani, akauliza: “Jumatano ile, dada, ulikuwepo bandani?”

Na Jumatano ile, wasomaji wangu, ndiyo siku aliyozikwa Bakary, mume wa Bi Rehani. Mle chumbani kila mtu aliijua tarehe hiyo. Hakuna aliyeitaja.

Maji yakaletwa. Bi Rehani akanywa polepole, akarudisha glasi mezani.

“Sikuulizi kwa ubaya, dada Rehani,” akasema Mama Valeria. “Ndiyo au hapana inanitosha.”

“Naomba muda. Niswali adhuhuri, nimwone Majid.”

“Umwone Majid kwa lipi? Nakuuliza wewe ulichokiona.”

“Naomba muda, dada.”

Mama Valeria akatazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu.

“Saa tisa na nusu nakutaka kwenye kiti hicho hicho. Saa kumi kamili kura zinafungwa, na pingamizi ambalo halijaamuliwa kabla ya kura kufungwa linakufa. Kanuni ndiyo hiyo, sikuitunga mimi.”

Stephano alikuwa ameketi pembeni, kofia magotini. Mwalimu Mudathiri alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia kwamba pingamizi linaweza kufa, uso wake ukapata damu.

Bi Rehani hakufika mbali. Hatua kumi tu nje ya ofisi, Mudathiri alikuwa ubavuni kwake.

“Mama, umemsikia?”

“Nimemsikia.”

“Basi hatuhitaji kusema uongo. Tunahitaji kunyamaza. Saa mbili na nusu tu, mama yangu.”

“Tunahitaji? Mimi na nani?”

Mudathiri akakubali pigo hilo, akaendelea kutembea naye. Ni mtu mwema, msinielewe vibaya. Mwalimu wa shule ya msingi, likizo tatu mfululizo hakupumzika, alikuwa shambani na kamera ya kuazima, akiwapiga picha wakulima wa korosho ambao hawajawahi kuigiza hata ngonjera. Watu arobaini na mmoja. Akishinda, Akademia itaizungusha filamu yake mikoa yote, na wale wazee wa Miteja watajiona nchi nzima.

“Akina mama wameshashona sare,” akasema. “Za kwendea kwenye tuzo. Kitenge kimoja wote. Nikawaambie nini?”

“Mudathiri, mwanangu, mimi sijasema lolote bado.”

“Ndiyo maana nakuja mapema.”

Bi Rehani aliendelea kutembea. Eda yake ilikuwa imekwisha siku tisa zilizopita. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani, akidhani siku ya kutoka atakuwa amepumzika. Alitoka amechoka kuliko alivyoingia. Miguu ilichoka, ulimi ulichoka, hata kupokea pole kulimchosha. Njia nzima kutoka ofisini hadi msikitini watu watano walimsimamisha kumpa pole, na wote aliwajibu, na kila jibu lilimpunguzia kitu.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kulisema hata kwa dada yake. Siku nne za mwanzo za Ghala Namba Tatu alikaa benchi la mbele kwa Majid, kama inavyotakiwa. Alfajiri ya siku ya tano Bakary akakata roho. Siku zilizobaki hakuziona. Jumapili, akiwa mkekani katikati ya akina mama, Majid alimletea fomu, na yeye akasaini.

Hakumuuliza Majid lolote. Sasa, miezi minne na ushee baadaye, ndiyo kwanza anakwenda kumuuliza.

Majid alikuwa anapanga mabenchi kwa ajili ya onyesho la alasiri. Banda lake si la kutisha: ukuta wa matofali, bati, kitambaa cheupe mbele, lakini Akademia imeliandikisha miaka sita iliyopita, na kibali chake amekitundika juu ya meza ya tiketi kwenye fremu ya kioo. Alimwona mjane wa rafiki yake, akaacha benchi.

“Karibu shemeji. Sikujua kama umeanza kutoka.”

“Majid, siku tuliyomzika Bakary ulifungua banda?”

Majid akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

“Nifungue banda? Siku ya Bakary?”

“Nakuuliza tu.”

“Jeneza linapita hapa mlangoni, shemeji, halafu mimi ndani watu wanacheka na spika inaunguruma? Wewe unanionaje? Nilipiga kufuli tangu alfajiri, nilipopata habari. Mtaa mzima haukuwasha hata redio.”

Basi. Jibu ndilo hilo, na lilikuwa limekaa pale muda wote, umbali wa kutembea kwa miguu. Bi Rehani akatafuta benchi, akakaa.

“Fomu uliniandikia siku saba.”

“Na ni saba.”

“Majid.”

“Haki ya Mungu ni saba. Jumamosi mpaka Jumanne, nne. Jumatano nikaacha kwa udhuru. Alhamisi, Ijumaa, nikaongeza Jumamosi. Nne na tatu ngapi? Nilipaswa kumaliza Ijumaa, lakini nilikuwa na deni la siku moja, nikalilipa. Kwani Ramadhani mtu akiugua akala siku moja, hailipi baadaye? Funga yake haihesabiwi?”

Alisema kwa moyo safi kabisa. Hakuona tatizo liko wapi, na mimi ninayewasimulia nimejaribu kumkasirikia nimeshindwa. Fomu yenyewe iliuliza mambo mawili tu, onyesho lilianza lini na lilioneshwa siku ngapi. Majid alijibu yote mawili kwa ukweli.

“Ziko funga za kulipa, Majid,” akasema Bi Rehani. “Na ziko funga za mfululizo, za kafara, ukikatiza siku moja unaanza upya, moja. Hii yetu ilikuwa ya kuanza upya.”

 Majid akakuna kidevu.

“Hilo hukuniambia.”

“Sikukuambia.”

“Ningeanza upya, shemeji. Wallahi ningeanza upya, ningeionesha hata wiki tatu. Mbona hukuniuliza ulipokuwa unasaini?”

“Nilikuwa nimechoka.”

“Nawe ulikuwa na macho hayo, yamekuvimba, nikasema nisikusumbue. Nikakuonesha mstari, ukatia sahihi.” Akakaa naye kwenye benchi, wakawa wawili wanakitazama kitambaa cheupe kisicho na picha. “Sasa Mwalimu itakuwaje?”

“Itoke, au mimi nidanganye.”

“Lahaula,” akasema Majid taratibu.

Alipotoka bandani, Stephano alikuwa anamngoja barabarani, upande wa kivuli, kofia sasa iko kichwani. Akaivua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba Stephano.” Akamtazama vizuri. Alitaka sana kumchukia. Mtu unapomchukia aliyekuletea balaa, balaa hupungua uzito. “Nani kakwambia banda lilifungwa?”

“Hakuna aliyeniambia. Nililiona kufuli kwa macho yangu.”

“Ulikuja Kilwa siku ile kufanya nini?”

“Nilikuja kuzika, mama.”

Bi Rehani akasogea naye kivulini.

“Nilipata habari saa moja asubuhi, nikapanda gari Lindi,” akasema Stephano. “Nimelibeba jeneza la mzee Bakary kuanzia pale kona mpaka hapa. Mbele, upande wa kushoto. Nilipokuwa nampisha mtu mwingine abebe, ndipo nikaliona kufuli mlangoni kwa Majid. Wala sikufikiria chochote. Nilisema tu, watu wa Kilwa wana heshima.”

“Na ulipokuja kufikiria?”

“Mwezi uliopita, zilipotangazwa tano bora.” Akaigeuza kofia mikononi. “Mama, unaikumbuka Kitomanga?”

Alikuwa anaikumbuka. Miaka miwili iliyopita, filamu ya kwanza ya Stephano ilikuwa inaoneshwa Kitomanga, ukumbi wa kukodi. Siku ya sita jenereta likazima katikati ya picha, fundi akakosekana, watu wakarudishwa majumbani. Stephano alimwendea Bi Rehani na barua ya mtendaji wa kijiji, na barua ya fundi, na machozi. Bi Rehani akazisoma barua zote, akakunja fomu, akamwambia: Sheria ni msumeno, mwanangu. Hakusaini. Filamu ikarudi nyumbani.

“Ilikuwa siku moja,” akasema Stephano. “Jenereta. Mke wangu alikuwa ameshika mimba, ile filamu tuliipa jina la mtoto kabla hajazaliwa. Nilikubali. Nikasema yule mama ni mnyoofu, hanionei, hata angekuwa mwanawe angemnyima.”

“Ndivyo nilivyokuwa.”

“Basi mimi sikuja kumnyima Mwalimu tuzo. Nataka unitazame usoni uniambie, kwangu jenereta likizima ni sheria, na kwake kufuli likifungwa ni huruma. Ukinitamkia hivyo, naifuta barua yangu sasa hivi, naondoka.”

Wasomaji, mtu huyu hakuwa anatania. Barua aliitoa mfukoni, akaishika mkononi, akangoja.

Ingekuwa rahisi. Neno moja, pale pale barabarani, na kila kitu kingekwisha: Mudathiri angebaki kwenye kura, akina mama wa Miteja wangevaa kitenge chao, na yeye angekwenda kulala. Bi Rehani akafungua mdomo. Akautazama uso wa Stephano, mtu aliyembebea mumewe, na neno halikutoka.

“Rudi ofisini,” akasema. “Nakuja.”

Alifika saa tisa na robo. Mama Valeria alikuwa ndani na makaratasi yake. Mudathiri alikuwa kwenye kibaraza, amevuta kiti kirefu cha ofisi ya jirani, juu yake ametandika khanga. Ameazima khanga kwa mama muuza uji, mwalimu mzima.

“Kaa hapa mama. Nyoosha miguu.”

“Naitwa ndani.”

“Bado robo saa. Kaa.”

Akakaa. Mungu amsamehe, kile kiti kilikuwa kitamu. Mgongo uliachia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Mudathiri akachuchumaa karibu, akapunguza sauti.

“Mama, wewe ni mgonjwa. Mtu yeyote akikutazama anaona. Umetoka eda juzi, umetembea juani mchana kutwa, hujala. Mama Valeria ni mtu mzima, naye ni mjane. Ukimwambia dada, nimeshikwa na kizunguzungu, nitajibu kesho, atakulazimisha? Hawezi. Atakuletea maji yeye mwenyewe.”

“Na kesho kura zimeshafungwa.”

“Na kesho useme ukweli wote unaoutaka. Hakuna atakayeumia.”

Hapo ndipo penye mtihani. Kama angeambiwa aseme uongo, angekataa bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa. Lakini haya hayakuwa uongo. Kizunguzungu kilikuwepo. Njaa ilikuwepo. Kama angefumba macho pale pale, angelala mpaka magharibi, na asingekuwa anaigiza. Mara ngapi duniani mtu hupewa kosa linalofanana na pumziko?

“Mwanangu,” akasema macho yakiwa yamefumba, “filamu yako niliiona siku nne. Ile sehemu wanaporudishiwa magunia, nililia siku zote nne.”

“Najua. Nilikuwa nyuma yako.”

“Ni nzuri kuliko zote tano.”

“Basi inyamazie, mama.”

 Bi Rehani alimfikiria Bakary, ambaye miaka yote alikuwa akimtania kwamba sahihi yake ni kali kuliko ya mkuu wa wilaya. Hakupata jawabu kutoka kwa Bakary. Maiti hawajibu, na yeye alishachoka kuwauliza. Alichokiona ni ile barua mkononi mwa Stephano, imekunjwa mara nne, na mtu anangoja atamkiwe.

“Nisaidie kuinuka,” akasema.

Mudathiri akamwinua, akidhani ameshinda.

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Wote wanne ndani. Majid naye alikuwa amekuja, bila kuitwa, akasimama dirishani upande wa nje. Mama Valeria akamtazama Bi Rehani alivyojishusha kwenye kiti, akavua miwani.

“Dada, hali yako siyo nzuri.”

“Siyo nzuri.”

“Mimi nimefiwa na mume pia, najua. Kama huwezi leo, sema. Siwezi kumkamua mjane jibu kwa nguvu, kanuni hainiamuru hivyo. Tutaandika kwamba shahidi anaumwa.”

 Mudathiri akatazama sakafu. Stephano akataka kuivua kofia, ingawa alishaivua. Alikuwa ameshika kichwa kitupu.

“Naweza,” akasema Bi Rehani. “Andika. Siku ile banda lilikuwa limefungwa. Lilifungwa kwa ajili ya maiti wangu, na aliyelifunga alifanya utu, asiandikwe vibaya. Mimi sikuwepo Jumatano. Sikuwepo Alhamisi, wala Ijumaa, wala Jumamosi. Fomu niliisaini nyumbani, sikuuliza. Kosa ni langu, siyo la Majid wala la Mwalimu.”

Alisema yote kwa pumzi moja. Alipomaliza alitegemea kujisikia mwepesi, kama wanavyosema watu. Hakujisikia chochote. Alijisikia amechoka.

Mudathiri hakupiga kelele. Alitoka kwenye ukuta aliokuwa ameegemea, akafika katikati ya chumba, akarudi ukutani.

“Watu arobaini na mmoja,” akasema.

“Najua, mwanangu.”

“Hujui, mama.”

Mama Valeria aliandika, kalamu inakwaruza. Kila mwanachama huzipanga filamu tano kwa namba, moja mpaka tano. Filamu ikitolewa, kura zake haziozi, zinahamia kwa ile aliyoipanga ya pili. Na watu wengi waliompa Mudathiri namba moja, namba mbili walimpa nani kama si jirani yake wa kusini? Stephano alilijua hilo. Kila mtu mle ndani alilijua. Stephano alikuwa ameketi anaelekea kuwa mshindi, na uso wake haukuonesha raha yoyote.

Mama Valeria akaacha kuandika. Akafungua kile kijitabu cha kanuni, akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma, akasoma tena.

“Kuna jambo jingine,” akasema. “Na ningependa lisingekuwepo.”

“Lipi?” akauliza Bi Rehani.

“Kanuni ya kumi na nne. Msimamizi akikiri kusaini asichokishuhudia, sahihi zake zote za msimu huo zinafutwa. Zote, dada. Siyo ile moja tu.”

Neno hilo lilichukua muda kuwaingia. Kisha Stephano akasimama.

“Mgeni wa Nyangao ilisainiwa na mama huyu huyu,” akasema.

“Ndiyo.”

“Mwezi wa tano. Alikuwepo siku zote saba, hakukosa hata dakika.”

“Sikatai. Lakini neno lake peke yake, kuanzia dakika hii, halitoshi.”

“Mama Valeria, hilo silo nililoliomba.”

“Najua, Stephano. Lakini ndilo ulilolileta.”

Kwa hiyo wote wawili. Kusini nzima, kwa mara ya kwanza filamu mbili, na saa kumi haijafika hakuna hata moja. Bi Rehani akahisi chumba kinazunguka, na safari hii angeweza kuanguka kweli bila mtu kumsingizia. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

“Hakuna mlango?” akauliza. “Kanuni haina mlango?”

“Upo mmoja, mwembamba.” Mama Valeria akaweka kidole juu ya mstari. “Sahihi inasimama kama yupo shahidi wa pili, aliyekaa siku zote saba pamoja na msimamizi, na akatamka hivyo mbele ya kamati kabla kura hazijafungwa. Nani mwingine alikaa nawe mwezi wa tano?”

 Majid pale dirishani alikuwa ameanza kuinua mkono, akaushusha. Mwenye banda haruhusiwi kuitolea ushahidi filamu iliyooneshwa kwake, hilo hata yeye alilijua.

“Bakary,” akasema Bi Rehani.

 Feni ikalia juu yao.

“Alikaa siku zote saba,” akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inamponyoka. “Alikuwa amechoka kukaa ndani na ugonjwa wake, akasema nipeleke nami nikaone picha. Nikampeleka siku ya kwanza, akaipenda, akataka kila siku. Benchi la mbele, mimi na yeye. Miguu ilikuwa haimchukui tena, ilibidi ashikwe. Kushuka kwenye bodaboda ashikwe, kuingia ashikwe, kukaa ashikwe...”

Akaacha hapo. Kitu kilikuwa kimemjia, na kilikuja polepole, kama vitu vyote vilivyomjia siku hiyo. Mimi sina nguvu za kumbeba Bakary, akawaza. Sikuwahi kumbeba. Yupo aliyekuwa akimbeba, kila alasiri, siku saba, mtu aliyetoka Miteja kuja kutazama jirani yake anapangaje picha zake ili naye ajifunze. Akamshika mzee mkono wa kulia, akakaa naye mpaka mwisho, akamrudisha.

Akageuza kichwa taratibu kuelekea ukutani.

Mama Valeria akafuata macho yake. Stephano naye. Na Majid, pale dirishani.

“Mwalimu Mudathiri,” akasema Mama Valeria. “Mwezi wa tano, Mgeni wa Nyangao ilipokuwa inaoneshwa kwa Majid, ulikuwepo siku zote saba?”

Mudathiri akamtazama Stephano. Akamtazama Bi Rehani kwa muda mrefu zaidi. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani, ambayo ilikuwa inaonesha saa kumi kasoro dakika tisa.

“Niulize saa kumi na dakika moja, mama,” akasema.

Bi Rehani akainuka bila kusaidiwa. Akakiburuta kiti chake sakafuni mpaka ukutani, akakiweka mbele ya kiti kitupu kilichokuwa ubavuni kwa Mudathiri, akakaa.

“Dakika tisa zinatosha, mwanangu,” akasema. “Kaa.”